Kutembea kwa mazoezi ukiwa Tanga: jinsi ya kuanza na kutoacha

Mji wa Tanga ni tambarare. Ukitoka Ngamiani mpaka Raskazone hukutani na mlima wa kukukatisha pumzi, barabara za namba zimenyooka, na upande wa baharini bado kuna miti mikubwa ya kivuli. Watu wa hapa wamezoea miguu na baiskeli tangu zamani. Siku hizi mtu anatoka barabara ya 8 kwenda barabara ya 14 na anasimamisha bajaji. Siwalaumu wenye bajaji wala bodaboda, wanatafuta riziki, na usiku wa manane ndio wanaomfikisha mgonjwa hospitali ya Bombo. Lakini tumeacha kutembea bila kukaa chini na kuamua kuacha, na miili yetu inaonyesha: presha, sukari, magoti yanayolia mtu hajafika hata miaka hamsini.

Kama unataka ushahidi kwamba mwendo wa kawaida wa kila siku una uzito, upo wa miaka mingi. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima akikata tiketi. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Baadaye Morris huyo huyo aligundua kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu siku ya kuajiriwa, kwa hiyo tofauti yote haikutokana na ngazi. Hata hivyo tafiti nyingi zilizofuata, katika nchi nyingi, zimerudi palepale: anayetembea anaufaidisha moyo wake. Konda yule hakuwa na muda wa mazoezi wala nguo za mazoezi. Alikuwa na kazi iliyomlazimu kutembea, na hilo ndilo la kuiga.

Kwanza, tafuta kitu cha kukifungia

Wengi wanaoanza Januari wanaacha Februari, na sababu mara nyingi si uvivu. Wamepanga "kutafuta muda". Muda hautafutwi ukapatikana, utaliwa na duka, na msiba, na mgeni, na simu. Kila siku unajiuliza upya, nitoke au nisitoke? Ukijiuliza mara saba kwa wiki, siku kadhaa jibu litakuwa la kubaki ndani.

Dawa yake ni kuchagua jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kujadiliana na nafsi, kisha matembezi uyafungie hapo. Jambo hilo ndilo litakalokutoa nje.

Kwa Mwislamu anayeswali alfajiri msikitini, jambo lipo tayari. Umeamka, umetawadha, umevaa, uko nje ya nyumba. Kilichobaki ni kutorudi kitandani. Kaa na uradi wako mpaka kupambazuke, kisha usirudi kwa njia ya mkato. Zunguka. Anayetokea Makorora au Chumbageni anaweza kupata nusu saa nzuri kabla mji haujaanza kelele. Kwa anayekwenda misa ya asubuhi ni vivyo hivyo.

Kwa mfanyakazi wa ofisini au wa bandarini, jambo ni safari ya kazini. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla. Au panda bajaji asubuhi ili ufike bila jasho, na jioni urudi kwa miguu. Jioni ni bora kwa wengi, kwa sababu hakuna anayekusubiri na shati likilowa hakuna wa kukuuliza.

Kwa mama anayekwenda sokoni kila siku, soko ni zoezi tayari akienda kwa miguu na kurudi kwa chombo. Mtu aliyebeba kikapu cha mihogo, nazi na samaki hawezi kukaza mwendo, na mkono mmoja ukibeba mzigo mgongo unapinda. Nenda kwa miguu, mikono mitupu, mwendo wa haraka. Ukirudi na mzigo panda bajaji kwa amani.

Kwa mwenye duka asiyeweza kufunga mchana, jambo lake ni chakula cha usiku. Nitalieleza mbele, maana lina faida yake ya pekee.

Ukishachagua, liseme kwa sentensi moja iliyo wazi, na mwenzako nyumbani alisikie: "Nikitoka msikitini alfajiri, natembea mpaka bustani ya Jamhuri na kurudi." Kuna saa, kuna mahali pa kuanzia, kuna mwisho. "Nitajitahidi kutembea zaidi" haina hata kimoja.

Kiasi gani kinatosha

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inakufikisha kwenye 150. Zamani ilisemwa kwamba vipindi chini ya dakika kumi visihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Dakika saba za kwenda dukani, ukizikaza, zinaingia kwenye hesabu.

Ile hatua 10,000 ambayo simu nyingi huidai ilianza kusikika Japani mwaka 1965, jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichotolewa baada ya Olimpiki ya Tokyo. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa. Haina ubaya, ila usikate tamaa simu ikikuonyesha 5,000 wakati mwezi uliopita ulikuwa 2,000. Umeshapiga hatua kubwa.

Anza na dakika kumi. Najua ni kidogo, na mwenye nguvu ataona aibu. Fanya hivyo hivyo. Wiki ya kwanza kazi yako ni kuzoea kutoka mlangoni tu. Dakika kumi, siku tano. Wiki ya pili kumi na tano, ya tatu ishirini, ya nne ishirini na tano, ya tano nusu saa. Wiki ikikushinda, irudie kabla ya kupanda. Mzee wa miaka sabini, au mtu mwenye uzito mkubwa, aanze na dakika tano asubuhi na tano jioni. Hana anayeshindana naye.

Anayeishi Ngamiani ana kipimo tayari, zile barabara za namba. Wiki hii nenda mpaka barabara ya 10 urudi. Wiki ijayo ongeza barabara moja au mbili. Huhitaji simu wala saa. Kwa wengine njia rahisi ni kutazama saa: tembea nusu ya dakika zako kwenda mbele, ukifika hapo geuka. Njia hii ina uzuri wake, ukishafika mbali huna budi kurudi.

Mwendo wenyewe

Tumelelewa na polepole ndio mwendo. Katika kuongeza dakika, shikilia methali hiyo. Katika hatua zenyewe, iache nyumbani. Matembezi ya kuangalia maduka ni burudani nzuri, lakini moyo hauyaoni.

Jipime kwa mdomo. Ukiwa unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima, ila huwezi kuimba, uko sawasawa. Ukiweza kuimba taarabu ubeti mzima, kaza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Anayependa namba ahesabu hatua zake kwa dakika moja: zikifika karibu 100, huo ndio mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi.

Dakika tatu za mwanzo nenda taratibu ili viungo vipate moto, na tatu za mwisho vivyo hivyo. Macho yaangalie mbele, kama hatua kumi hivi, usiinamie simu. Mabega yashuke. Kunja viwiko na uache mikono icheze mbele na nyuma, usiivushe katikati ya kifua. Ukitaka kwenda kasi, piga hatua fupi za harakaharaka. Wengi hurefusha hatua, mguu unatua mbali mbele ya mwili kwa kisigino, na wiki ya pili mifupa ya mbele ya miguu inawaka.

Ukishakaa na nusu saa kwa mwezi mmoja au miwili, jaribu hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, waliwapangia watu wa makamo na wazee kutembea dakika tatu kwa kasi, tatu polepole, wakirudia mara tano au zaidi, angalau siku nne kwa wiki. Baada ya miezi mitano nguvu za mapaja ziliongezeka na presha ikashuka zaidi kuliko kwa wale waliotembea mwendo mmoja. Ukiwa kwenye barabara inayopita Bombo kwenda Raskazone, huhitaji saa kwa zoezi hili: kaza kutoka mti huu mpaka nguzo ile, legeza mpaka nguzo inayofuata.

Njia

Chagua njia mbili, moja ya kila siku na moja ya siku usiyo na haraka. Ya kila siku ianzie mlangoni kwako. Ukihitaji kupanda chombo ili ufike mahali pa kutembea, umejiwekea kizuizi cha kila siku, na nauli juu yake.

Kwa matembezi ya Jumamosi au Jumapili nampendekezea kila mtu njia ya Bombo na Raskazone. Upepo wa bahari upo, magari ni machache kuliko katikati ya mji, na kisiwa cha Toten unakiona ukiwa njiani. Wanaoishi Sahare wana ufukwe wao. Uwanja wa Tangamano unawafaa wanaotaka kuzunguka mahali pamoja, hasa wazee wasiotaka kwenda mbali na nyumbani. Barabara kuu ya kwenda Pongwe na eneo la stendi ya Kange siyashauri kwa mazoezi. Malori na mabasi hayamsubiri mtu.

Ukitaka kutembea mchangani, uliza maji kwanza. Maji yakijaa ufukwe unakwisha, na saa ya kujaa inasogea mbele kwa karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Ijumaa. Siku za bamvua yanapanda juu zaidi na kupwa mbali zaidi. Tembea kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji, huku ukigeuza upande, maana ufukwe una mteremko na mguu mmoja utabaki chini ya mwenzake safari nzima. Vaa viatu. Chupa zilizovunjika na miiba ya baharini havionekani mapema.

Barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo ukiwa kulia unayaona yakikujia usoni. Bodaboda haifuati hesabu hiyo, inaweza kutokea nyuma yako pembezoni kabisa mwa barabara, basi masikio yabaki wazi. Ukipenda kusikiliza mawaidha au muziki, weka kisikilizio sikio moja tu. Alfajiri na magharibi vaa nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa; baibui jeusi gizani dereva halioni, funga mtandio mweupe juu yake.

Viatu, kwa yule atakayetumia pesa mahali pamoja tu

Usinunue kingine chochote kabla ya raba. Kandambili zinakulazimisha kubana vidole ili zisikuvuke, na yeboyebo zinateleza jasho likitoka.

Raba nzuri ya mtumba ni bora kuliko raba mpya ya bei chee yenye soli ngumu. Ukiwa kwenye meza za mitumba, ikunje: ipinde sehemu ya vidole, isipinde katikati kama daftari. Bana kisigino kwa nyuma, kiwe kigumu. Itazame soli kwa chini. Ikiwa imelika upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza alikuwa na mwendo wake na itakufundisha mwendo huo. Kisha bonyeza kwa kucha lile tabaka nene la katikati. Raba iliyokaa miaka mingi ghalani huonekana mpya, lakini tabaka hilo likiwa linamomonyoka kama unga, itaachana wiki ya kwanza.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, na uvae soksi utakazotembelea. Mbele ya kidole kirefu paachwe nafasi ya upana wa kidole gumba. Usiambiwe "itatanuka".

Malengelenge yakitokea usiyapasue. Yafunike kwa plasta, na soksi zisiwe mbichi. Mwenye kisukari ana sharti lake: kila akirudi akague nyayo na katikati ya vidole, kwa macho au kwa kioo kidogo, kwa sababu kisukari hupunguza hisia za miguu na kidonda kinaweza kuanza bila maumivu. Asitembee peku, hata mchangani.

Jua, mvua na saa za Tanga

Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma na joto likipanda, saa nzuri ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Jua linachomoza karibu na saa 12 mwezi Novemba, na mwezi Julai hukaribia saa 12 na nusu. Jioni linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo. Juni mpaka Agosti, kusi ikituletea ubaridi, hata saa 3 asubuhi inavumilika. Hii ndiyo miezi bora ya kuanza kwa mtu mnene au mgonjwa wa presha.

Kunywa glasi ya maji kabla ya kutoka na nyingine ukirudi. Kwa nusu saa hiyo huhitaji chumvi wala vinywaji vya rangi. Dafu ni zuri, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa lina potasiamu nyingi.

Masika ndiyo inayoua mazoea. Aprili na Mei mvua inaweza kushika siku tatu mfululizo, na mtu aliyekuwa mzuri tangu Januari anapotea. Uwe na mpango wa mvua tangu siku ya kwanza. Kwenye baraza ndefu nenda na kurudi. Huna baraza, piga hatua za gwaride papo hapo sebuleni, magoti yapande, kwa muda wa taarifa ya habari. Kwenye ngazi za jengo la ghorofa, dakika kumi zinatosha kabisa. Unapungukiwa kidogo na zoezi, lakini ile saa yako unaiweka hai.

Chakula cha usiku na sukari

Hapa ningependa mwenye sukari inayopanda asome mara mbili. Wali wa nazi na samaki ukishaingia tumboni, sukari kwenye damu huanza kupanda. Misuli ya miguu inapofanya kazi huivuta sukari hiyo na kuitumia, hata pale ambapo insulini ya mwili haifanyi kazi vizuri. Dakika kumi mpaka kumi na tano za mwendo mwepesi, mara baada ya kula, hupunguza ule mpando. Si lazima ukaze. Ni mzunguko wa mtaa, labda wewe na mwenzio, ukiwa na kanga yako begani.

Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana azungumze na daktari kabla ya kuanza, na atembee na peremende mbili tatu au pakiti ndogo ya sukari mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, akae na kula hapo hapo.

Kuhusu kitambi niseme kweli. Nusu saa ya kukaza mwendo inachoma kama kalori 120 hadi 150 kwa mtu wa kilo 70, na chapati moja iliyokaangwa kwa mafuta inaweza kuzidi hapo. Ukirudi na kula vitumbua vitano kwa kuwa umetembea, mizani itapanda. Lakini presha, usingizi, sukari na utulivu wa moyo vinaweza kuwa vizuri hata mizani isiposogea. Dawa za presha endelea nazo. Apunguzaye dawa ni daktari aliyekupima.

Salamu

Huwezi kuandika kuhusu kutembea Tanga ukaruka jambo hili. Salamu zetu ni ndefu, na kuzipita ni utovu wa adabu. Ukisimama kwa kila shikamoo, nusu saa inakwisha hujafika kona. Toa salamu kwa sauti, mapema, ukiwa bado mbali, mkono juu, huku ukiendelea: "Shikamoo mzee! Nipo kwenye mazoezi, nitapita baadaye!" Kisha upite kweli baadaye. Baada ya wiki mbili mtaa mzima unajua. Siku usipoonekana utaulizwa, "Vipi, leo hukutembea?" Swali hilo lina nguvu kuliko programu yoyote ya simu.

Kwa wanawake, ni kweli kwamba mama anayetembea peke yake mikono mitupu huulizwa anakwenda wapi, na maneno yapo. Njia iliyo nzuri ninayoiona hapa ni ya wawili au watatu: shoga, wifi, jirani. Mkubaliane saa na kona, na atakayechelewa dakika tano aachwe ili kuchelewa kusizoeleke. Dera au suruali pana chini ya baibui inatosha, mradi pindo lisifike chini ya kifundo, utajikwaa. Subirini mwanga uwepo kabla ya kutoka. Na akina baba, mkeo akitoka alfajiri, chai ya watoto unaiweza.

Ramadhani hamisha saa, usifute. Nusu saa kabla ya kufuturu, mwendo mwepesi, maana maji yako karibu. Au baada ya tarawehe, mji ukiwa macho. Aliye na ugonjwa asilazimishe mchana akiwa amefunga.

Kalenda na siku ulizokosa

Chukua kalenda ya ukutani, zile ambazo maduka hugawa mwisho wa mwaka, itundike karibu na mlango na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila siku uliyotembea, tia alama. Hata dakika tano, tia alama.

Mazoea yanachukua muda kuliko watu wanavyoahidiana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ya kila siku. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kulifikiria. Kwa baadhi ilikuwa siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Ndani ya utafiti huo kulikuwa na habari ya faraja: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Basi ukikosa jana, tembea leo. Siku ya kuogopa ni ya pili mfululizo. Siku hiyo toka hata kwa dakika tano, hata ukiwa umechoka.

Siku mbili kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu, maana kutembea peke yake hakutoshi kwa misuli. Kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi. Panda kwa vidole kwenye kizingiti na kushuka, mara kumi na tano. Sukuma ukuta kwa mikono. Mzee asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde kumi kila mguu, ili mwili uzoee kutoyumba.

Lini usimame, lini urudi

Kifua kikibana kama kinakandamizwa, au maumivu yakienda mkononi, mgongoni au kwenye taya, pumzi ikikata bila sababu, au kizunguzungu kikikushika, simama hapo hapo na uombe kupelekwa hospitali. Hapo bajaji ni halali yako. Mashavu ya miguu yakiuma kila ukitembea umbali fulani na kupoa ukisimama, usidhani ni uzee. Inaweza kuwa mishipa ya damu imebana, kamwone daktari. Aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo aanze baada ya kupimwa.

Maumivu ya kawaida ni tofauti. Kisigino kikiuma hatua za kwanza unapoamka, nyoosha unyayo na shavu la mguu kabla ya kushuka kitandani, na punguza dakika kwa wiki moja. Goti likiuma kidogo kisha likapoa baada ya dakika chache za kutembea, endelea kwa mwendo mwepesi. Likivimba, pumzisha na ulionyeshe kwa mtaalamu. Homa ikiwepo, lala. Malaria haitolewi kwa jasho.

Ukitoka kwenye ugonjwa, safari au msiba wa wiki nzima, usirudi pale ulipoishia. Kama ulikuwa dakika thelathini na umekaa wiki mbili, anza na kumi na tano, ongeza tano kila baada ya siku tatu, na utafika mahali pako ndani ya siku kumi hivi. Saa iwe ile ile, na njia iwe ile ile ya mlangoni kwako.